Kabati Halina Kasoro

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, lakini kwanza salamu, maana sikulelewa kuingia nyumbani kwa mtu na shida zangu kabla sijabisha hodi. Hujambo? Kifua je? Wiki ile ulipoandika kwamba mafua yamekubana nilikuweka kwenye sala zangu, kwa hiyo ukinijibu naomba uniambie kama umepona kabisa au bado unakohoa. Mimi namshukuru Mwenyezi Mungu ni mzima, ni goti tu la kushoto linanisumbua kwa sababu ya kukanyaga cherehani, na hilo goti lina sehemu yake katika haya ninayokuandikia.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule na mume wangu ni fundi friji. Watoto wetu wote wanajitegemea, wa mwisho aliolewa mwaka juzi, na tangu siku alipobeba masanduku yake nyumba yetu imepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Usidhani tunagombana, afadhali tungegombana, maana hata ugomvi una maneno. Yeye akirudi ananiuliza, "Umekula?" namjibu, "Nimekula," namuuliza, "Maji yametoka?" ananijibu, "Yametoka," halafu yeye anainamia redio yake na mimi nainamia pindo zangu. Ni mtu mwema, hanywi, hajawahi kunipandishia sauti, nikimlalamikia kwa watu wataniona nimechanganyikiwa.

Sasa gari letu likafa. Gari lenyewe mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa waya, kioo kimoja hakishuki, kingine hakipandi, na honi ilikuwa imekufa siku nyingi, akitaka kumshtua mtu anatoa kichwa dirishani anapiga mluzi. Fundi gari alilizunguka, akapiga teke tairi, akasema, "Mzee, hili sasa ni la kuombea, si la kutengeneza."

Binti yetu, aliyeolewa mkoa wa mbali, akapiga simu, akasema nunueni kigari kidogo cha umeme, mafuta yamepanda mno. Baba yake akacheka. "Gari la kuchomeka ukutani kama pasi? Umeme ukikatika nifanyeje, nilisukume?" Lakini huyu ni mtu wa nyaya, Mshauri, udadisi ukamshika, na Jumamosi moja asubuhi akaniambia, "Mama, vaa twende tukaangalie tu."

Hapo ndipo yalipoanza. Tulikaa ndani ya kigari chekundu ambacho usukani wake ulimgusa magoti, tukakibatiza Kiatu kwa jinsi kilivyotubana, na mume wangu, mtu wa "umekula, nimekula," akaanza kunieleza. Kumbe gari la umeme nalo lina mambo ya friji! "Betri ikifanya kazi sana juani inapandwa na homa, kama mtoto," akasema huku amegeuza mwili wote kunielekea. "Kuna magari yanaipoza kwa maji yanayozunguka, na kuna haya yanayotegemea upepo. Sasa upepo wa saa sita mchana unapoza nini, mama?" Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaninyooshea mkono akanisogezea kiti, akaniuliza, "Goti lako halibanwi hapo?" Nilitazama nje nisije nikalia. Nilidhani hata hajui kwamba goti linaniuma.

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu ni za magari. Ananyoosha shati mwenyewe, anapaka mafuta nywele zile chache zilizobaki. Na katikati ya wiki tukila tunalinganisha, lipi linakwenda mbali zaidi kwa chaji moja, lipi buti yake inaingia mtungi wake wa gesi ya friji ukiwa umesimama, lipi limeinuka lisikwaruze tumbo kwenye mashimo ya mtaani kwetu, na mimi niliyeacha shule mapema nabishana naye habari za betri, na redio siku hizi imekaa kimya inatusikiliza sisi.

Basi nikaingiwa na hofu. Tukishachagua, itakuwaje? Tutarudi kwenye maji yametoka? Hapo ndipo shetani akanipa maneno. Kiatu nilisema kiti kinanifinya mgongo, wala hakikunifinya. Likaja jeupe la mviringo, tukaliita Yai, zuri, rahisi, betri imekaguliwa bado ina afya, nikajua leo yamekwisha. Mungu bariki, yeye mwenyewe akabonyeza honi akakunja uso. "Sikia hiyo, kengele ya baiskeli. Mimi mtu mzima nipite mtaani nalia hivi?" Nikashusha pumzi, nikasema kweli baba, haifai.

Halafu tukafika kwa lile tuliloliita Kabati. Refu kidogo, la mraba, unaingia bila kukunja goti, mtungi unasimama nyuma, betri inapozwa kwa maji, linachajiwa nyumbani usiku kucha bila neno. Muuzaji ni mama mmoja mcheshi, tulikwenda hapo mara nyingi hadi akawa anatupokea kwa kusema, "Wachumba wangu mmerudi!" Naye akasema hili limeshonwa kwa vipimo vyenu. Kasoro mume wangu aliona moja tu, kwamba kwenye vituo vya barabarani linajaa chaji polepole, "hapa mtu atakaa ndani mpaka asinzie," akasema. Kisha akanigeukia. "Unasemaje, mama?"

Mimi mtu mzima, ninayeongoza sala za akina mama, nikamtazama usoni nikasema, "Rangi yake siipendi."

Kabati ni la bluu. Na gauni nililovaa lilikuwa bluu. Yule muuzaji akatazama gauni, akatazama gari, akajikohoza. Mume wangu akasema tu, "Basi. Jumamosi tujaribu kule ng'ambo ya mji."

Mshauri, ningeendelea hivyo na kujiona mjanja, lakini juzi mvua ilinyesha. Mume wangu alirudi kazini kwa pikipiki ya kukodi, ameukumbatia mtungi wake kama mtoto mchanga, mirija ya shaba shingoni, amelowa mpaka soksi. Tangu siku hiyo anakohoa. Nilipokuwa nikimkanda kifua akanishika mkono, akasema, "Asante, mama. Tukipata gari haya yataisha." Nikisali, nikifika pale pa kuomba msamaha, ulimi unakuwa mzito, maana nitaombaje msamaha wa jambo ambalo Jumamosi nataka kulirudia?

Niambie, nimwambie ukweli, aone kwamba nimemnyeshea mvua kwa makusudi, na pengine anirudishie kimya chake? Au nikubali Kabati taratibu, nimeze uongo wangu, nione Mungu atatujalia nini? Nampenda sana mume wangu na sijui namna ya kumwambia hivyo bila gari katikati yetu. Tafadhali nijibu mapema, kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
Mke wa Fundi Friji

*

Mke wa Fundi, dada yangu,

Nimepona, kikohozi kimekwisha, na asante kwa sala. Sasa niazime sikio.

Barua yako niliisoma nikicheka, nilipofika kwenye mvua nikaacha. Unamwacha mume wako akumbatie chuma barabarani ili Jumamosi akuulize habari za goti? Hilo si zuri na wewe unajua, ndiyo maana ulimi wako unakuwa mzito. Usinitafute mimi nikuambie ni dogo. Kifua cha mwanamume wa umri ule si cha kuchezea, na kama kikohozi hakijatulia, kabla ya habari za gari mpeleke akapimwe.

Nimeshakugombeza. Sasa rudi usome barua yako mwenyewe, pole pole, pale kwenye Yai. Huyu ni mtu aliyeendesha gari lenye mlango wa waya. Gari lisilo na honi kabisa! Alikuwa akipiga mluzi dirishani, wewe mwenyewe umeandika. Leo analetewa gari zima, zuri, rahisi, betri ina afya, analikataa kwa sababu honi haina heshima? Bibi wee! Na ulipolikataa Kabati ukiwa umevaa rangi ile ile, hakubisha, hakuuliza, akataja haraka Jumamosi nyingine. Wewe ulishusha pumzi siku ya honi. Hukusikia kwamba siku ya rangi kuna mwingine aliyeshusha pumzi kando yako?

Naweza kuwa nimekosea, mimi si mganga. Lakini hata nikikosea la kufanya ni lile lile. Usimeze uongo huo, utakusumbua ndani ya gari hilo kila ukifunga mkanda. Jumamosi hii usiende ng'ambo ya mji. Nenda kwa Kabati, keti kwenye kiti chako, mwombe yule mama mcheshi awaachie nafasi kidogo, halafu sema hivi: "Baba, gari halina kasoro. Nilizitunga mimi, kwa sababu sikutaka Jumamosi zetu ziishe." Kisha nyamaza. Usieleze, usilie kwanza, usimtaje shetani. Mwache naye aseme la kwake.

Mkimaliza kufutana machozi, lijaribuni gari kama watu wazima. Lipakieni mtungi na vifaa vyote, mpande nalo kilima, muone chaji inashuka kiasi gani. Nyumbani aitwe fundi umeme akague soketi, wala msichajie kwa zile nyaya za kurefusha zilizochoka. Mume wako ni fundi, najua, lakini mafundi ndio wenye nyaya mbovu kuliko sisi sote.

Na ile kasoro moja aliyoitaja, kwamba barabarani linachaji polepole mpaka mtu asinzie: wanunuzi wengine wataikimbia. Ninyi, dada, itawabidi mkae ndani ya gari, viti viwili vimepakana, redio imezimwa, hamna la kufanya ila kungoja. Mkamtembelee binti yenu aliye mbali, na mpite njia ndefu.

Niandikie upesi uniambie fundi friji wako alisema nini.

Mshauri wako