Dirisha la Uchochoroni

Jumanne, 4 Septemba 2018

Ukumbi wa kanisa ulijaa! Rafiki yangu Marvella kaleta picha za duka la Bwana Yalda: mlango umepigiwa mbao, tangu Februari hadi mwisho wa Agosti. Sheria ya mji tuliipigania wenyewe. Duka jipya la kubadilisha hundi kuwa pesa taslimu, kama lake, haliruhusiwi karibu na kanisa wala shule. La zamani linaachwa – ila likisimamisha kazi miezi sita mfululizo, haki yake imekwisha.

Marvella akasema mabomba ya Yalda yalipopasuka, Mungu alikuwa anatusaidia. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mwenyekiti wa kampeni asipopiga, nani apige?

Lakini hakusimamisha kazi. Alihudumia watu kwa dirisha la nyuma, uchochoroni. Najua, kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa pale, kofia ya sweta nimeivuta hadi puani, na hundi yangu ya mshahara wa kuendesha basi la shule mkononi.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimekwenda tena. Niende wapi? Benki ilinifungia akaunti, faini juu ya faini, na nyingine zote zikanikataa. Marvella hajui. Anadhani nina kadi ya benki kama yeye.

Bwana Yalda alikuwa anahesabu noti zangu. Bango la kampeni limebandikwa kwenye nguzo nje, uso wangu umejaa meno.

"Bi Whitfield, umetoka vizuri pale. Umependeza kweli."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamuuliza kuhusu kikao cha baraza la mji kitakachoamua habari ya duka lake. Kompyuta yenye kumbukumbu zake iliharibiwa na maji, akasema. Karatasi zake za benki wanazikataa, eti ni za duka lake lile la upande wa mashariki. "Wanataka mteja mmoja aseme alihudumiwa hapa. Mmoja tu."

"Si unao wengi?"

"Ninao. Nusu hawana vibali vya kuishi nchini. Waliobaki ukiwatajia serikali wanakumbuka wameacha chungu jikoni."

Akacheka. Hakuniomba. Angeniomba ningekasirika, nikapata pa kushika. Akanipa pesa zangu, na peremende kama kawaida.

Jumapili, 9 Septemba

Kwaya imeimba bila mimi. Nimesema koo. Mchungaji kaniombea koo langu mbele ya watu wote! Aibu juu ya aibu.

Ijumaa, 14 Septemba

Leo nimekwenda duka la ng'ambo ya mto, wasikonijua. Wametaka kitambulisho, alama ya kidole, namba ya simu ya bosi. Wamekata zaidi ya Yalda. Kijana nyuma ya kioo hakuinua macho. Nimerudi kwa mabasi mawili, nimenuna njia nzima. Nilikuwa namkimbia nani? Yalda hajanifanyia kitu.

Na bado mtaa umechoka na maduka haya, matatu kwenye barabara moja! Hilo nalisema na naliamini. Ila kulifunga kwa uongo ni jambo jingine, na uongo huo naubeba mimi. Jioni nimempigia Marvella nimwambie. Akapokea akicheka, akasema fulana za zambarau za kampeni zimefika, yangu imeandikwa MWENYEKITI mgongoni. Nikasema ahsante.

Jumanne, 18 Septemba

Naandika chooni, jumba la mji, katikati ya kikao cha baraza. Mapumziko mafupi.

Mwanasheria wa mji alimwuliza Bwana Yalda: mtaje basi mteja mmoja, jina tu, tumwite. Yalda alikuwa kavaa suti, tai imepinda. Akatazama ukumbi mzima. Akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba – nilitafuta nini, sijui!

Akasema, "Watu wanakuja dirishani kwangu kwa sababu simtaji mtu. Sitaanza leo."

"Basi utapoteza duka."

"Nimesikia, bwana."

Marvella akanibana paja kwa furaha. Kaninong'oneza: kwisha habari yake! Mzungumzaji anayefuata ni mimi.

Nimevua fulana. Nimeigeuza ndani nje, nikaivaa tena. Bado maandishi yanaonekana. Nikaivua tena. Kuna sweta kwenye mkoba, ile ile yenye kofia. Nimeivaa. Kofia nimeiacha mgongoni.

Marvella anagonga mlango. "Odessa! Wanaanza! Umezama humo?"

"Nakuja."

"Mbona fulana yako iko hapa juu?"

Keshaiona, nimeitundika juu ya mlango. Karani anaita kutoka ukumbini: Bi Odessa Whitfield, aje mbele, ataje jina na anwani, kisha aseme anachokijua kuhusu duka la Bwana Yalda. Nakwenda kuwaambia habari za dirisha la uchochoroni.