Ubeti wa Nchi Tupu

KAMATI YA MTAA WA WAUNGWANA, KINDU
Kikao cha kuandaa siku ya bendera ya Bwana Komanda, barazani kwa Mzee Kasimu, Agosti 1896

Karani: mimi Zuberi, ambaye kutoka Nyangwe hadi Lokandu hakuna wa kunishinda kalamu. Kiarabu naandika kwa mkono wa kulia, Kifaransa kwa wa kushoto, na viboko wa Lualaba husogea ukingoni nikianza kusoma. Kwa mapadri sikukaa sana; walikuwa wamemaliza vya kunifundisha.

Waliohudhuria: Mzee Kasimu, mwenyekiti; Mwalimu Hamadi, mshairi, ambaye baba yake alitoka pwani; Mama Hadidja, kiongozi wa waimbaji wanawake, mzaliwa wa ng'ambo ya mto kwa Wasongola; na Bulaimu, mpiga ngoma.
Hakuhudhuria: Mbaraka. Alisema anaumwa mguu, ila alionekana akicheza bao.

KUMB. NA. 1/96: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa Fatiha. Alieleza kwamba Bwana Komanda, mzungu mpya wa boma, ametunga shairi kwa lugha yake na anataka mtaa uliimbe siku ya bendera. Tena anataka lipigwe kwa ngoma ya gogo, ile inayosema, ili Wasongola waje kuona. Tafsiri ilifanywa na karani kwa siku moja. Shukrani hazikutolewa.

KUMB. NA. 2/96: SHAIRI LENYEWE
Karani alisoma: "Nilipofika mtoni nilikuta nchi tupu, giza, watu hawana jina. Nikawasha taa."

Mwalimu Hamadi alisema halina vina wala mizani, linakwenda kama mbuzi mwenye miguu mitatu. Karani alijibu kwamba mbuzi ni wa Komanda, yeye alimvusha tu.

Mama Hadidja aliomba ruhusa, akasema ubeti huu anaujua. Mwenyekiti alishangaa, kwa kuwa Komanda amefika juzi. Mama Hadidja akaimba ule uliotungwa na baba yake Hamadi, unaoimbwa kila harusi:

"Tulipofika mtoni, hapakuwa na mwenyewe,
Tukawakuta mwituni, ni kama nyani na mwewe."

Mwenyekiti akauliza inakuwaje watu wawili wasiojuana, mmoja wa Ulaya na mmoja wa pwani, waanze na neno moja.

Mama Hadidja alisema: "Siku ile baba yako anafika, Mwalimu, mama yangu njo alikuwa anachoma samaki pale ng'ambo. Baba yako alinunua, akala, akashiba. Kisha akatunga kwamba hakukuwa muntu. Aliyemuuzia samaki ni nani, nyani?"

Mwalimu Hamadi alisema lile ni shairi tu. Aliongeza kwamba mtu hawezi kujisifu kuwa amejenga nyumba akikubali kwamba aliwakuta wenyewe wamelala ndani. Bulaimu akasema hayo njo maneno ya kweli ya kwanza aliyosikia leo.

Mwalimu alimkumbusha Mama Hadidja kwamba yeye mwenyewe huitikia ubeti ule harusini. Mama alijibu: "Ninaitikia, ndiyo. Wali ulikuwa unaiva."

Mwenyekiti alitaka kujua kama shairi lenye mizani nzuri linaumiza zaidi au kidogo. Mama Hadidja alisema zaidi, kwa kuwa watoto wanalishika. Mwalimu akaomba maji.

Iliamuliwa: itaimbwa salamu tupu ya kumpokea Komanda, na ubeti wa nchi tupu uachwe. Komanda ataambiwa haukuingia katika sauti. Wa baba yake Hamadi nao usiimbwe tena. Mwalimu aliomba iandikwe kwamba hakupinga.

KUMB. NA. 3/96: NGOMA
Mwenyekiti alisema basi na ngoma isipige ubeti ule. Bulaimu aliuliza: "Isipige tena, Mzee, ao?"

Alieleza kwamba ameupiga asubuhi, mara mbili, kwa amri ya kamati iliyoletwa na karani. Alisema alimuonya karani kwamba gogo halijui mashairi. Linajua kifo, vita na soko. "Nikipiga 'nchi iko tupu, bwana mupya amefika', ng'ambo wanasikia: ondokeni."

Mama Hadidja alisimama. Alisema mama yake iko ng'ambo, na miguu yake haimbebi. Alitoka bila kuaga, Bulaimu nyuma yake na kasia. Mwenyekiti hakuwazuia.

KUFUNGA
Kikao kilivunjika kabla ya alasiri, bila dua. Bulaimu alirudi jioni, peke yake, akasema: vyungu viko motoni, nyumba ziko wazi, hakuna muntu. Mama Hadidja ameingia msituni anamwita mama yake.

Karani anaandika haya kwa amri ya mwenyekiti, ila angeyaandika hata bila amri. Kamati haikuwa imemtuma. Alitaka tu kusikia maneno yake yakivuka mto. Asubuhi ubeti ulikuwa uongo, na ng'ambo kulikuwa na watu. Sasa hawako, na aliyewatoa si Komanda. Ni mimi.

Mwenyekiti: Kasimu (dole gumba)
Karani: Zuberi