Ugali wa Wengine

Jumatatu, 3 Machi 1986

Rangi ya chungwa tena. Matone manane ya mkojo, dawa ya buluu kijiko kimoja, kuchemsha kwenye kile kichupa chembamba cha kioo, kungoja. Buluu ikibaki buluu, sukari haipo. Kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Chungwa ni mbaya. Rangi ya tofali ni mbaya kabisa. Mwezi wa pili huu sijaona njano.

Vidonge vya kushusha sukari vimeisha Ijumaa. Hospitali hakuna tangu kabla ya Krismasi, nilikuwa nameza vya akiba, nusu nusu. Baada ya vipindi nimepitia zahanati, hapa hapa Kigera. Bwana Mganga amekitazama kidole gumba cha mguu, kile kilichochomwa na msumari wa katambuga, hivi viatu vya tairi. Akakibonyeza. Sikusikia maumivu. Uso wake ukabadilika kwa sababu sikusikia.

"Mwalimu, dawa sina, na sijui itakuja lini. Nina njia moja tu. Acha ugali. Acha muhogo, wali, viazi, ndizi, uji, mkate. Kula samaki, nyama, mayai, mboga za majani. Njaa ikikubana ongeza mafuta, usiongeze unga."

Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka kidole kipone, halafu tutaona. Kisipopona ni Mwanza, na Mwanza watakata.

Ofisini walimu wenzangu wananitania. Madukani sukari haijaonekana miaka, mimi nimeipata wapi ya kuniumiza. Leo sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza. Nimesonga ugali wa watu sita, unga wa muhogo na mtama. Mwiko mkononi, harufu puani. Mimi nimekula sangara aliyekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na mchicha. Tumbo limejaa. Kichwa kinasema sijala.

Wambura, mume wangu, amekula bila kunitazama. Watoto wamenitazama sana.

Ijumaa, 7 Machi

Kichwa kinauma siku ya tatu. Miguu mizito kama nimevuka tope. Darasani nimekaa kitini vipindi vyote viwili, jambo ambalo silifanyagi. Nimemfokea mtoto wa watu kwa kosa dogo. Baadaye nimeona aibu.

Bwana Mganga anasema niweke chumvi kwenye mchuzi na ninywe maji, itapita. Anasema kirahisi. Yeye jioni anakwenda kula ugali wake.

Ijumaa, 14 Machi

Njano. Nimekishika kichupa dirishani muda mrefu nihakikishe. Ni njano.

Kichwa kimeacha kuuma. Kiu imepungua. Kidole bado kibichi, kinatoa maji. Nimechoka na samaki. Asubuhi samaki, jioni samaki. Nyama tunapata mara moja kwa wiki, mayai ni ya kuku wawili. Mtu akiniambia kwamba hiki ni chakula cha kitajiri, aje anichambulie dagaa.

Jumamosi, 22 Machi

Butiama, kumaliza matanga ya baba mdogo wa Wambura. Mvua, barabara mbovu, tumefika tumelowa.

Shida ilikuwa ni chakula. Nilijua itakuwa ni chakula. Wanawake tumeketi kwenye mkeka, maji ya kunawa yamepita, nimechukua nyama peke yake. Mmoja akasema walimu wa mjini wanakulaga nyama tu. Wakacheka.

Mama mkwe hakucheka. Ameinuka, amekuja na sahani ya ugali wa ulezi, ameiweka mbele yangu.

"Mama Tabita, huu nimeusaga kwa mikono yangu."

Nikamwambia ni ugonjwa, nimekatazwa.

"Ugonjwa gani wa kukataza chakula? Nimezika watu wengi. Sijazika mtu aliyeuawa na ugali."

Sikuula. Ukakaa mbele yangu mpaka ukapoa, ukaweka ngozi juu. Wote wakauona. Wambura alikuwa hatua kumi tu, na wanaume, na alisikia. Hakunitetea. Nimemchukia njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 24 Machi

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma.

Mchana nimerudi nyumbani, hakuna mtu. Kwenye sufuria kulikuwa na kiporo cha ugali. Nimekula nimesimama, kwa mkono, bila mboga, mpaka ukoko. Sikuonja utamu wowote. Nimeosha sufuria, nimekaa chini, nimelia kidogo, nimesahihisha madaftari.

Jumatano, 26 Machi

Tofali. Jana tofali, leo tofali. Si ule ugali peke yake. Jana nilikula tena, na viazi.

Kidole kinanuka. Nimefunga kitambaa kipya ili darasani wasisikie. Pembeni ya kucha pameanza weusi. Nina miaka arobaini na sita. Nafikiria jinsi nitakavyosimama ubaoni kwa mguu mmoja. Sioni nitakavyoweza.

Alhamisi, 27 Machi

Mama mkwe amekuja. Amebisha hodi saa nne asubuhi, ana kibuyu cha samli kwapani na matope hadi magotini.

Kumbe jana Wambura hakwenda kazini. Kiwandani umeme hakuna, mitambo imelala, akachukua baiskeli mpaka Butiama kumweleza mama yake habari za kidole. Kwangu hakusema lolote. Ndivyo alivyo.

Mama amesema nifungue kitambaa. Amekitazama kidole, amekinusa, amekifunga tena taratibu kama anamfunga mtoto.

"Nipeleke kwa huyo mganga wako."

Zahanati Mama alinitoa nje. Walikaa wawili na Bwana Mganga muda mrefu. Alipotoka hakunisimulia waliyozungumza. Tulipofika sokoni ndipo akasema, "Nilipokuwaga msichana tulikwenda na ng'ombe mbali, mvua nzima. Unga haukutufikia. Maziwa, nyama, siagi. Tulirudi tumenenepa." Kisha akaongeza kwamba mtu angemweleza hivyo tangu mwanzo asingeniaibisha mbele za watu. Kwa kweli hakuna aliyemweleza.

Amesema hatarudi Butiama mpaka aone kidole kimefunga. Jioni amechukua mwiko, amesonga ugali yeye. Mimi ameniambia nikae uani.

Jumatano, 9 Aprili

Kijani.

Mama ananipikia kama vita. Sato na samli. Majani ya kunde na samli. Mayai na samli. Maziwa ya mgando kikombe kimoja tu kwa siku, Bwana Mganga ndiye aliyempimia kikombe. Sahani yangu inakuja kwanza, kabla ya wengine, nishibe kabla harufu ya ugali haijanifikia. Hilo sikulifikiria mwenyewe mwezi mzima.

Nimekonda. Gauni la kazini nimelipunguza kiunoni. Nimechoka bado, ila sasa naamka mara moja tu usiku.

Weusi wa kidole haujaongezeka.

Ijumaa, 18 Aprili

Wifi yangu Wegesa amenitumia vidonge. Anauza vitenge Bunda, na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Sirari siku hizi wanaleta kila kitu. Anasema Bunda imefunguka. Sabuni ipo, soda zipo, sukari ipo kwenye maduka, nyeupe, imepangwa mpaka mlangoni, watu wanaitazama kwanza kabla ya kununua. Miaka yote ile ya foleni, na imerudi sasa.

Vidonge ni vile vile vya zamani, chupa imefungwa vizuri. Nimefurahi sana. Nimemeza kimoja kizima, kipimo changu cha zamani. Bwana Mganga hayupo, yuko Tarime kwenye semina mpaka wiki ijayo. Nitamwambia akirudi.

Kesho naenda Bunda na Mama. Yeye anapeleka samli, mimi naenda kumshukuru wifi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi jana. Naandika nikiwa nimelala. Mengine ni yangu, mengine nimesimuliwa.

Jumamosi alfajiri nilimeza kidonge kingine kizima. Nikala mayai mawili, tukaondoka. Bunda tulifika karibu saa tatu. Sokoni kwa Wegesa nilianza kusikia jasho, nikadhani ni jua. Midomo ikafa ganzi. Vitenge vikawa vinacheza machoni. Nikakasirika, sijui kwa nini, hasira kubwa. Wegesa anasema nilimwamuru mteja mmoja, mzee mzima, aende akasimame kwenye kona na asigeuke mpaka nimwambie. Mzee wa watu akaenda. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema mwalimu ameamkia pombe.

Wegesa alidhani ni malaria, akawa anatafuta mtu wa kunibeba. Mimi nilikuwa chini tayari, mgongo kwenye mti wa kibanda, macho wazi, sisemi kitu cha kueleweka.

Mama alikuwa upande wa pili na kibuyu chake. Wegesa anasema hajawahi kumwona akikimbia, mwanamke wa miaka sabini. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la jirani, akatia mkono kwenye gunia la sukari lililo wazi, akarudi na kiganja kimejaa, mwenye duka nyuma yake anapiga kelele. Akanishika taya. Akanipaka sukari ndani ya mashavu, kwenye ufizi, kidogo kidogo.

"Mama, huyo ana sukari, utamuua," Wegesa akamwambia.

"Nyamaza. Leta soda."

Nakumbuka utamu. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokumbuka. Utamu mkali, na vidole vigumu vya mama mkwe mdomoni mwangu.

Hospitali ya Bunda walinitundikia dripu na kunilaza siku mbili, maana kidonge kile hukaa mwilini muda mrefu na hali ilitaka kurudi Jumapili asubuhi. Daktari aliuliza nani aliyejua kunipa sukari. Mama akasema mganga wa Kigera alimwambia, siku ile walipokaa wawili: akitetemeka, akitoka jasho, akiropoka, mpe kitu kitamu, usingoje kuuliza.

Mimi ninayejua kusoma sikuuliza kitu chochote kuhusu vidonge vile. Yeye asiyejua kusoma aliuliza yote.

Alhamisi, 24 Aprili

Bwana Mganga amerudi. Hakufoka, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Kipimo kile kilikuwa cha mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku," amesema. "Wewe unga umeondoa. Kidonge kilikuja kutafuta sukari ya kushusha, hakikuikuta, kikakushusha wewe."

Amechukua chupa yote. Amesema kwa sasa sitameza. Nipime asubuhi na jioni, nimletee rangi kwenye karatasi kila Jumatatu. Ikipanda, ataanza na robo, na siku hiyo nitakula mbele yake.

Nikamwambia nimechoka. Sikumaanisha leo. Akasema anajua.

Jumamosi, 10 Mei

Kijani wiki mbili. Leo asubuhi buluu. Sijamwambia mtu mpaka nikapima tena jioni. Kijani. Basi. Lakini asubuhi ilikuwa buluu.

Kidole kimekauka. Kucha imedondoka. Wambura ameleta viatu vya ngozi vilivyofunikwa mbele, vya mtumba, vikubwa kidogo. Ameviweka kitandani na kutoka nje. Nimevivaa na soksi mbili.

Jumatano, 21 Mei

Mama amerudi Butiama. Kidole kimefunga, ameshika ahadi. Asubuhi amekitazama kwa mara ya mwisho, amekikuna kwa ukucha. Nimesikia. Nikaruka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nyumba imekuwa kimya. Mwiko umerudi kwangu.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimelala mchana. Nilipoamka kulikuwa na mtu barazani, Wambura amempa kiti. Ni baba wa mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la nne, mvuvi, mwili mkubwa, kofia mkononi. Bwana Mganga amemtuma. Wamempima Ijumaa, tofali.

Nimemwuliza anakula nini. Ugali, samaki, chai, asubuhi uji. Nimemweleza cha kuacha na cha kubaki nacho. Amekuwa akihesabu kwa vidole, na alipofika kwenye unga vidole vimesimama. Nimemwambia habari za mafuta ya sangara, kwamba asiyamwage. Nimemwambia akipewa vidonge asimeze kabla hajaeleza anakula nini. Hilo nimelirudia mara mbili, na nimemwambia mkewe naye alijue.

Wambura ametuletea chai. Mgeni alitazama huku na huku kutafuta sukari, kisha akaelewa.

"Mpaka lini, Mwalimu?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikasema sijui, mimi huu ni mwezi wa nne.

Akatikisa kichwa polepole. Amekunywa chai yake kidogo kidogo, uso umekunjamana, mpaka imekwisha. Amerudisha kikombe kwa mikono miwili na kushukuru. Nimemwambia aje Jumatano, aje na mkewe.