Mashahidi wa Hadithi ya Ghala

Magomeni, Mtwara

Kwa Dada yangu Somoe,

Shikamoo Dada. Kifua cha Mama kimetulia? Na mwanao ameanza kusimama? Mimi sijambo, alhamdulillahi, na hapa kwa Mjomba wote wazima. Ila kila nikila muhogo wa mjini nawakumbuka, maana hauna utamu wa ule wa shamba letu kule Ruvuma.

Dada, Baba alisema korosho zikianza kuanguka nirudi, isipokuwa kama jina langu limepelekwa kwenye mtihani wa chuo cha ualimu. Basi habari hii isome mpaka mwisho kabla hujamwambia.

Sisi wasichana tuliomaliza shule tunafundishwa jioni na Bi. Mwanaidi, mwalimu aliyetoka Tanga. Mtihani una insha ya kuchambua hadithi fupi, naye alisema atapeleka majina mawili tu. Akatupa hadithi iliyotoka gazetini: mtu amefunga ghala lake wakati wa njaa, majirani wanalia mlangoni, na siku anapofungua, mahindi yote yameliwa na fukusi. Mkewe yumo tangu mwanzo lakini hasemi neno, mpaka mwisho anapomwambia mumewe, "Sasa funga vizuri."

Mimi niliisimulia upya kwa adabu zote, bila kuigusa maana yake. Bi. Mwanaidi akaniita.

"Mwanangu, hadithi hii ninayo. Wewe umeona nini ndani yake?"

Nikainama. Rukia, binti wa Mjomba, akacheka: "Huyo, Mwalimu, hata njaa yake humwambia paka, si watu!"

Tulipobaki wawili ndipo nikamweleza kwamba kwetu mwali akifumbuliwa maana ya wimbo wa unyago haitoi nje, akiitoa, hakulelewa. Nilidhani hadithi nayo ni hivyo hivyo.

Dada, hakunicheka. Alisema, "Umelelewa vizuri. Lakini hii imechapwa gazetini, haikuimbwa ndani. Aliyeiandika anataka tuifungue."

Akanionyesha namna ya kupanga kabla ya kuandika. Kwanza sema kwa sentensi moja unachokiona. Kisha waite mashahidi kutoka ndani ya hadithi yenyewe, maneno au matendo, na kila mmoja umwulize anathibitisha nini. Asiyeijua kesi atoke barazani, hata awe anapendeza vipi. Mimi nilikuwa na wale majirani, walilia vizuri sana. Nikawatoa kwa uchungu.

Wenzangu wote waliandika kwamba hadithi inahusu uchoyo. Mimi niliandika: hadithi hii inahusu mtu anayejua akanyamaza. Mke alisikia mahindi yakitafunwa, akageukia ukutani. Alikuta unga wa fukusi mlangoni, akaufagia bila neno. Na alipokuja kusema, maneno yake hayakuweza tena kumlisha mtu.

Mwalimu akaniambia nisimame nisome mpango wangu. Nilipotazama karatasi, mashahidi wangu walikuwa wamejipanga wananingoja. Nikasoma.

"Kumbe una sauti!" Rukia akasema. "Lakini mwenye kosa si mume? Ufunguo anao yeye."

Nikamjibu, Dada, mimi huyu huyu! "Mume ana ufunguo, mke ana habari."

Bi. Mwanaidi akasema tu, "Haya, hiyo iandike."

Sijaona mwalimu kama huyu. Anakupa kipya bila kukunyang'anya ulichokuja nacho. Nikiwa mwalimu, Mungu akijalia, nataka kufundisha hivyo.

Jana alipeleka majina: la Rukia na langu. Sasa mwambie Baba. Mweleze pole pole, akiwa ameshakula, kwamba korosho za mwaka huu naomba mziokote bila mimi. Ningemwandikia mwenyewe, lakini ujasiri wangu bado haujafika huko.

Nisalimie Mama, na Bibi mzaa mama, na shemeji yangu mwenye masihara. Kungwi wangu mpigie magoti kwa niaba yangu, umwambie asiwe na wasiwasi: ya kwake ninayo yote, hayajatoka hata moja. Niliyoifungua ni ya gazetini.

Ni mimi mdogo wako,
Fatu