Sura Zilizopanda Basi la Tanga

Lushoto, 2 Aprili 2025

Mpendwa Zainabu,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe na huyo wa tumboni? Sisi tu wazima, ila mguu wa mama bado uko kwenye plasta, ndiyo maana sijaja kukuuguza. Ukungu umetanda, nguo hazikauki.

Sasa sikiliza: kile kitabu cha pili cha riwaya yetu kimetoka! Mwalimu mwenzangu amenipatia. Ile mashine ya kuiga sauti, tuliyodhani Injinia Rehema ameiteketeza, kumbe ilishajinakili kwenye simu za watu. Mama yake anampigia, naye hajui kama ni mama au ni mashine. Nilivyonogewa, maharage yakaungua jikoni! Kwa kuwa daktari amekulaza mpaka ujifungue, nimekikata kwa wembe. Nikimaliza sura, nampa Twaha wa basi akuletee. Na nakuandikia kwa kalamu, maana simu siiamini tena.

Dada yako,
Latifa

Tanga, 6 Aprili

Dada, shikamoo.

Mama anaendeleaje? Mimi miguu imevimba na presha haijatulia, lakini mtoto anacheza.

Sura nimezimeza zote, namsomea na Salma wa kitanda jirani. Rehema aliposema, “Mama, nitajie jina nililokuwa nikiitwa utotoni,” na simu ikakaa kimya, tulipiga kelele wodi nzima ikageuka. Nesi Clemence akaja mbio kunipima.

“Presha imepanda! Unasoma nini wewe?”

“Mambo ya kilimo, nesi.”

Hakucheka. Dada, leta nyingine upesi.

Mdogo wako,
Zainabu

Lushoto, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu, ameanza kudai bada, ule ugali wake wa muhogo. Kitabu, yule mwalimu amekichukua kwanza. Akikirudisha nitatuma. Wewe pumzika tu.

Dada

Tanga, 15 Aprili

Shikamoo dada.

Natumaini hamjambo. Mimi kichwa kinagonga, na macho yanaona vimulimuli.

Mume wangu hajui kuficha. Mussa amenieleza kwamba nesi alimwambia kitabu kinanipandisha presha, naye akakupigia usitishe. Nawe unanidanganya, dada?

Juzi Salma walimpeleka chumba cha upasuaji. Hakurudi. Wamebadilisha shuka, wamemlaza mwingine, na hakuna anayesema neno. Kitabu kinanitisha kwa watu wasiokuwepo. Bila hicho nabaki kusikiliza tumbo kutwa nzima, nikijiuliza kama mtoto ameacha kucheza au amelala. Niambie, kipi kinapandisha presha zaidi?

Zainabu

Lushoto, 16 Aprili

Zainabu wangu,

Nisamehe, niliogopa. Salamu ni fupi, basi linaondoka. Nimempigia Clemence, nikamsomea barua yako. Akasema, “Mletee. Ila asome nikiwa zamu.” Hizi hapa sura zote zilizobaki. Mwisho sikuambii.

Dada

Lushoto, 22 Aprili

Zainabu,

Assalaam aleikum. Mbona kimya? Twaha anasema bahasha aliikabidhi getini. Juzi simu ya Mussa iliingia, sauti inakatika, nikasikia “upasuaji” tu, ikazima. Tangu hapo haipatikani, yako imezimwa, na Clemence naye hapokei. Mama hali chakula, anakuulizia wewe tu. Niandikie hata mstari mmoja, nakuomba.

Dada yako,
Latifa

Tanga, 25 Aprili

Dada, shikamoo.

Anayeandika ni Clemence, mimi nasema tu, mkono una dripu. Msiogope, niko hai.

Walinipasua Jumapili. Nilipoteza damu nyingi, Mussa akawa anazunguka mjini kutafuta watu wa kunichangia, hata simu akaiangusha ikapasuka. Mtoto ni wa kike. Ni mdogo kama kifaranga, wamemweka kwenye kisanduku cha joto. Tangu jana anapumua mwenyewe.

Sura za mwisho nilizianza, macho yakakataa. Clemence ananisomea, lakini panapotisha anaruka, nami najua. Haya ameyaandika huku amenuna.

Daktari anasema bado hatujavuka, si mimi wala mtoto. Mchana najikaza. Mussa akiondoka, nalia.

Dada, mtafutie mama mtu wa kukaa naye. Barua hii usiijibu. Njoo.

Mdogo wako,
Zainabu