Mlango Mmoja, Nyumba Kumi na Mbili

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mimi nina hofu.

Jana picha za chama chenu cha makazi zilifika mezani kwangu hapa wizarani. Nyumba kumi na mbili za ruzuku, zote zina mlango, zote mmeziandika "imekamilika". Dada, huo ni mlango mmoja! Ule ufa chini ya kitasa, kama mguu wa kuku, nimeuona mara kumi na mbili. Wewe ndiye mwenyekiti. Kiri kwa barua kabla ya tarehe kumi, nami nitaiambatisha. Mkaguzi akinyamaza, kazi hana.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma. Beba mlango wa mbao ngumu nyumba kumi na mbili, uone.

Ndiyo, tuliuhamisha. Seremala anaufunga kwa bawaba mbili, picha inapigwa, haya, nyumba inayofuata! Fundi cherehani, mwanachama mwenzetu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikaisoma tena fomu yenu, kicheko kikaniisha. Fedha za milango mmeziweka awamu ya pili ya ruzuku, na awamu ya pili haitoki bila picha ya mlango. Aliyeandika hivyo amewahi kulala nyumba isiyo na mlango? Mnapima utendaji wetu. Wenu anaupima nani?

Watu wameshahamia, wametundika magunia. Nikikiri, chama kinafutwa na wao wanatolewa. Sikiri ng'o! Una macho, yafumbe.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Nilikusubiri ukiri mpaka jana. Nimeandika yote kwenye taarifa yangu ya ukaguzi: mlango mmoja, na kosa la fomu pia, ukurasa mzima. Wakiyasoma pamoja wataelewa, naamini. Usininunie. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Siku kumi na tisa kimya, simu hupokei. Sijui hata kama u mzima.

Leo nimeiona taarifa iliyochapwa. Ukurasa wangu kuhusu fomu haumo. Umebaki mlango tu. Nimemuuliza bosi, akanijibu huku anakoroga chai: "Sisi tunakagua wanaopokea ruzuku, bwana. Hatujikagui."

Chama kimefutwa. Jumatatu wanakuja kuwatoa watu, na mimi nimepangwa kusoma majina yao. Nikikataa atayasoma mwingine. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ni mzima, nilikuwa na hasira tu. Bado ninayo.

Barua ya kuhama tumeipata. Tumekaa kikao, hakuna anayetoka. Umeniuliza ufanye nini. Ulipotaka kuandika hukuniuliza. Uliandika ukweli ukawakabidhi watu wenye mkasi.

Njoo usome majina yako. Paza sauti, maana fundi cherehani hasikii vizuri, na nyumba yake ndiyo ya kwanza. Haina mlango. Nitakaa mimi hapo kizingitini.

Dada yako