Mayai ya Kambale wa Rehema

Shikamoo Baba,

Mvua haijakatika Morogoro tangu juzi, na Uluguru yote imefunikwa na ukungu. Mafunzo yanakwenda vizuri, ila jana nilifanya jambo linaloniuma.

Tunajifunza kuchoma mayai ya samaki kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, na kuingiza kitone cha dawa ndani ya yai likiwa hai. Lazima uwahi kabla yai halijaanza kugawanyika. Mayai ya jana yalikuwa ya mwenzangu Rehema, yametoka kwa kambale aliyemleta mwenyewe kutoka bwawa la kwao Turiani. Alipokaa kwenye hadubini akawa analenga polepole mno. Nikamwambia, "Hebu nipishe, mimi naweza," nikakaa kabla hajanijibu.

Nikasukuma sindano kwa pupa, yai likapasuka. La pili likapasuka, na la tatu. Niliona aibu kumrudishia kiti, nikaendelea mpaka hakikubaki kitu.

Leo nimemwomba radhi, nikampa mayai yangu ya kesho. "Nashukuru, dada," akasema taratibu, "lakini utafiti wangu ni wa samaki wa bwawa letu." Kisha akanimegea nusu ya hindi lake la kuchoma. Baba, nililishika mkononi mpaka likapoa.

Mwambie Mama ajifunike vizuri asubuhi, kifua chake kisimrudie. Nawapenda sana, na leo ningetamani kukaa karibu yenu.

Mwanao,
Asha